Ukumbi wa Kilwa Usiokuwepo Dubai

Kando ya barabara ya Sheikh Zayed jijini Dubai, upande wa kuelekea Jebel Ali, lipo jumba la maduka lililofunguliwa mwaka 2005 na kupewa jina la Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyeondoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, asirudi kutulia ila baada ya karibu miaka thelathini. Jumba hilo limegawanywa katika kumbi sita: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Mnunuzi hutoka ukumbi mmoja akaingia mwingine, akapita chini ya kuba lililonakshiwa la Uajemi, akafika kwenye jahazi kubwa la Kichina. Wahakiki wa fasihi hawana mazoea ya kuhakiki maduka, lakini jumba hili lastahili kusomwa kama matini, kwa kuwa ni tafsiri ya kitabu. Lina sura na mfuatano wa sura, na lina kile ambacho hakuna tafsiri inayokikosa, yaani mambo yaliyoachwa nje.

Pwani ya Waswahili ni miongoni mwa hayo yaliyoachwa. Yapata mwaka 1331 Ibn Battuta aliteremka kutoka Aden, akapitia Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Kutoka huko pepo zilimrudisha Dhofar, katika Oman ya leo. Kurasa zake chache juu ya safari hiyo ndizo maelezo pekee ya mtu aliyeifikia Kilwa katika karne ya 14 na ambayo yametufikia. Humo limo jina la nchi ya Sawahil, zimo ndizi na samaki wa Mombasa, na vimo visima vilivyochimbwa milangoni mwa misikiti ili watu wanawe miguu kabla ya kuingia. Dubai yenyewe haimo katika Rihla, lakini ndiyo iliyojipatia msafiri. Kilwa imo, nayo haikupata ukumbi.

Msomaji Mswahili aliyeko Ghuba, ambaye pengine shehena yake iko njiani kwenda Kariakoo au Mombasa, ana haki ya kulalamika. Hata hivyo lalamiko hilo, likiachwa peke yake, linakubali bila kuuliza ile hadithi ambayo jumba linaiuza: kwamba palikuwapo mtu mmoja aliyeuona ulimwengu wote kwa macho yake, na kwamba kilichobaki ni kugawana kumbi. Hiyo ni hekaya. Kukosekana kwa Kilwa ni jambo dogo kuliko namna hekaya hiyo ilivyoundwa, na bahati njema ni kwamba Kilwa ndipo mahali pazuri pa kuipimia.

Rihla haikuandikwa njiani. Ilisimuliwa Fez kwa amri ya sultani, ikapangwa na mwanafasihi Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355. Kwa hiyo, kati ya Kilwa iliyoonwa na Kilwa iliyoandikwa ipo miaka ipatayo ishirini na minne. Msafiri mwenyewe anaeleza kwamba maandishi aliyoyanakili Bukhara yalipotea alipoporwa na maharamia katika bahari ya India. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maelezo ya Sham na Makka imechukuliwa kwa Ibn Jubayr, aliyesafiri zaidi ya karne moja kabla yake. Safari ya Bulghar, kwenye mto Volga, ilitiliwa shaka nzito na Stephen Janicsek mwaka 1929, na ile ya China ingali inabishaniwa. Wala shaka hizi si za wazungu wa karne ya 20 tu. Ibn Khaldun anasimulia katika Muqaddima kwamba watu wa baraza la Fez walinong'onezana kuwa mzee yule ni mwongo. Waziri Ibn Wadrar akamwonya Ibn Khaldun asikatae habari kwa sababu tu hajaona mfano wake. Akampigia mfano wa mtoto aliyekulia kifungoni, ambaye kila alipotajiwa mnyama alidhani ni aina ya panya, kwa kuwa panya ndiye mnyama pekee aliyemjua.

Jumba la Dubai halina nafasi ya minong'ono hiyo. Katika ukumbi wa India ipo saa kubwa ya tembo, kifaa kilichobuniwa na al-Jazari, fundi wa Diyarbakir, katika kitabu chake cha mwaka 1206. Hakikutengenezwa India wala hakihusiani na Ibn Battuta. Katika ukumbi wa Andalusia anaelea Abbas ibn Firnas na mbawa zake, mtu wa karne ya 9 ambaye habari za kuruka kwake zinategemea zaidi maelezo ya al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17. Hapana uovu katika hayo. Saa ile ni nzuri, na watoto huipenda. Bali yanaonyesha kazi ambayo jina la msafiri hufanya, nayo ni kuwa uzi wa kutungia shanga zilizookotwa popote. Ibn Juzayy angelielewa jumba hili bila kuelezwa.

Sasa Kilwa. Rihla inausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa yenye majengo imara, kisha inasema umejengwa kwa mti na mapaa yake ni ya manyasi. Hapo msomaji wa pwani husita, maana zama za msafiri huyo ndizo zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayeitwa Abu al-Mawahib, na Kilwa ya sultani huyo ilikuwa na msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa. Neville Chittick, aliyechimba huko na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alilihusisha na sultani huyo pia jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Maandishi yenye jina la al-Hasan yalipatikana huko. Mtu aliyepokewa na sultani angewezaje kuliona jiwe akalisimulia mti?

Wako wanaojibu kwamba hakufika. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kilwa haikuwa ya mawe yote. Wakazi wengi wa miji ya pwani waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, kama ilivyoendelea kuwa kwa karne nyingi baadaye, na mpita njia angeweza kuukumbuka mji kwa nyumba zilizokuwa nyingi. Yawezekana pia kwamba Mombasa, ambako alitaja misikiti ya mbao, imemwagikia Kilwa katika kumbukumbu ya mzee. Magofu, badala ya kumwita mwongo, yanatuonyesha kiasi gani cha jicho kilichobaki baada ya miaka ishirini na minne, na kiasi hicho si kikubwa.

Jambo la pili ni Yufi. Mfanyabiashara mmoja, yasema Rihla, alimweleza kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu ya Sofala huletwa kutoka Yufi, mwendo wa mwezi mzima zaidi. Wengi wameihusisha Yufi na Nupe, iliyoko Afrika ya Magharibi. Msafiri alilipata jina hilo upande ule wa bara katika safari ya mwisho ya maisha yake, akalipandikiza Sofala. Dhahabu iliyopitia Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ambako imepatikana sarafu ya al-Hasan huyuhuyu.

Lakini kisa chenye uzito kuliko vyote ni cha ukarimu. Jina Abu al-Mawahib lina maana ya baba wa vipawa, na Ibn Battuta anasema alikuwapo Ijumaa moja fakiri wa Yemen alipomwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki hupenda kunukuliwa kuwa ushahidi wa ustaarabu wa Kilwa, na aghalabu nukuu hukatwa pale kwenye nguo. Ila matini yenyewe haifichi. Kabla ya kisa hicho inasema kwamba sultani huyo alikuwa akizivamia nchi za Wazanji na kuteka ngawira, akitenga humusi kwa ajili ya masharifu waliomjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Ukarimu na uvamizi ni sentensi zinazofuatana. Fakiri aliomba kanzu, akaondoka na watu ishirini, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina.

Kisha inafuata habari kwamba sultani alipokufa alirithiwa na ndugu yake Daud, aliyekuwa kinyume chake. Mwombaji alipomjia, Daud alijibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa baada yake. Kisa ni kizuri, na ndipo mshono unapoonekana. Al-Hasan alikuwa hai msafiri alipoondoka, kwa hiyo ya Daud aliyasikia, hakuyaona. Rihla inavuka kutoka kwenye jambo lililoonwa hadi kwenye uvumi bila kubadili sauti, na mshono huo ukiupata mahali pamoja utaupata kitabu kizima.

Ukumbi wa saba ungemtia mjenzi wake mashakani. Akiifuata Rihla, angesimamisha nguzo za miti na kuezeka nyasi katikati ya vigae vya Uajemi na Andalusia, na Waswahili wangeudhika kwa haki. Akiyafuata magofu, angejenga matao ya matumbawe na birika la pembe nane, vitu ambavyo mwenye jina mlangoni hakuvitaja hata kwa neno moja. Na katika yote mawili angelazimika kuamua wapi pa kuwaweka wale ishirini.