Umaridadi wa Mitaa Mitupu: Tahakiki ya Mvuto wa Tamthilia ya Kijasusi The Avengers

Mvuto wa The Avengers, tamthilia ya kijasusi iliyoonyeshwa na televisheni ya Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1969, huelezwa kwa kutaja maleba yake: kofia ngumu ya mviringo na mwavuli wa John Steed, mavazi ya ngozi ya Cathy Gale, gari la Lotus la Emma Peel. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaishia mlangoni. Tahakiki hii inadai kwamba umaridadi wa tamthilia hiyo ulitokana zaidi na kuondoa kuliko kuongeza, na kwamba kilichoondolewa ndicho kinachostahili kuhakikiwa.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1961 mhusika mkuu alikuwa Dakta David Keel, tabibu anayelipiza kisasi cha mchumba wake aliyeuawa na genge la dawa za kulevya. Steed (Patrick Macnee) alikuwa mwandani wake tu. Ian Hendry, aliyeigiza Keel, alipojitoa, Honor Blackman aliingia, na baadhi ya miswada iliyokusudiwa mwanamume ikawa yake. Kutokana na dharura hiyo ya utayarishaji alizaliwa mhusika wa kike anayepigana, anayejua sayansi ya mambo, na asiyesubiri kuokolewa. Diana Rigg alimrithi mwaka 1965 kwa jina la Emma Peel, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mvuto kwa wanaume. Jina linaahidi pambo. Mhusika anakataa kuwa pambo. Nje ya skrini usawa huo haukuwepo: Rigg aligundua kwamba alilipwa pungufu ya mpiga picha.

Brian Clemens, mwandishi na mtayarishaji, alizitaja kanuni za ulimwengu huo bila kificho: mwanamke asiuawe, mitaani pasiwe na wapita njia, tabaka liwe moja tu, la juu, na pasionekane polisi wala watu weusi. Kifani, kanuni hizo zilizaa matunda. Steed anabaki na mwavuli uliokunjwa barabara kwa kuwa hakuna umati wa kumsukuma, na London iliyo tupu hugeuka jukwaa ambamo jambo lolote la ajabu laweza kutokea bila shahidi. Hapo ndipo ulipo utamu wa kazi hii, na mtazamaji hapaswi kuuonea haya.

Sehemu iitwayo Small Game for Big Hunters, ya mwaka 1966, ndiyo inayoitia kanuni hiyo majaribuni. Kanali Rawlings anaishi katika nyumba ya mashambani Uingereza iliyopambwa kama kambi ya msituni, akiamini bado yuko Kalaya, koloni la kubuni la Afrika ambalo kwa hakika limekwisha kujitawala. Nyuma yake wapo wenye njama ya kuirudisha nchi mikononi mwao kwa kupeleka mbung'o wasiokufa kwa dawa. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Kicheko kilikuwa cha karibu sana. Kwa hadhira ya Afrika Mashariki silaha hiyo haichekeshi kwa namna ileile, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda.

Rawlings anadhihakiwa kwa kuishi katika nchi iliyotengenezwa, isiyo na wenyeji halisi. Lakini The Avengers yenyewe ni nchi ya aina hiyo. Joto la bandia na ngoma zinazomlaghai kanali zinafanya kazi ileile inayofanywa na mitaa mitupu kwa mtazamaji: zinamfichia kwamba wengine wapo. Waweza kutetewa kwamba tashtiti inajijua, na katika sehemu hii utetezi huo una uzito, kwa maana Razafi, jasusi wa Kalaya aliyeigizwa na Paul Danquah, anatokea, na ana akili na heshima sawa na Steed. Anavunja kanuni ya Clemens kwa kuonekana tu. Njama inazimwa, Razafi anaondoka, na katika sehemu inayofuata Steed na Bi. Peel wanaendesha gari tena kwenye barabara isiyo na mtu.