"Ni", "Na" na "Operesheni": Mafunzo ya Lugha ya Kushawishi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa kwamba lugha ya kushawishi hukaa katika hotuba na matangazo. Hukaririshwa sehemu za hotuba na tamathali kadhaa, kisha hutungishwa hotuba ya kumwaga mwalimu mkuu. Mafunzo ya namna hii yana upungufu mkubwa: yanamwonyesha maneno yanayojitangaza kuwa ushawishi, wala hayamwonyeshi yale yasiyojitangaza, na hayo ndiyo yaliyowaongoza wazee wake.

Mfano upo Dodoma na nchi yote ya Ugogo, ambako semi za kampeni za taifa zilisikika pamoja na operesheni ya mkoa wenyewe. Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilileta "Siasa ni Kilimo". Mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili nchini. Na mwaka 1975 "Chakula ni Uhai". Semi hizi hazina kitenzi chenye kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Hakuna anayeamuru, hakuna anayeamriwa. Kuna "ni" tu. Kwa maana ya kawaida mtu si afya, na maadamu pengo hilo ni dhahiri, msikilizaji hulijaza mwenyewe, akadhani hoja imetoka moyoni mwake. Akitaka kubisha hana pa kushika: asemaye "mtu si afya" huchekwa. (Kampeni yenyewe ilileta faida, vyoo vikachimbwa kwa wingi, lakini wema wa jambo hauondoi haja ya kuichambua lugha yake.) "Uhuru na Kazi" ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa na unyofu zaidi, kwani "na" ilimwachia msikilizaji vitu viwili avipime.

Sasa itazamwe "Operesheni Dodoma" ya mwaka 1971, iliyokusudia kuwakusanya wakazi katika vijiji vya ujamaa baada ya ukame na njaa. Hapa hapana "ni" wala "na". Neno limetoka jeshini na hospitalini, na huko hospitalini anayetendewa hulala kimya. Ni kweli kwamba huko Chamwino Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kazi za kijiji, na mfano wa namna hiyo hushawishi kuliko sentensi yoyote. Hata hivyo jina la shughuli lilikwisha kusema jambo jingine, miaka miwili kabla ya Novemba 1973, kuishi vijijini kulipotangazwa kuwa amri kwa nchi nzima.

Darasani mnyambuliko hufundishwa kwa jedwali: hama, hamia, hamisha, hamishwa. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa ni nani asemaye "wananchi walihamia vijijini" na ni nani asemaye "tulihamishwa", ingawa sentensi zote mbili zaweza kueleza siku ile ile na lori lile lile. Mwanafunzi wa Kongwa au Mpwapwa aweza kulichukua jedwali hilo hadi nyumbani, akawasikiliza wazee, akaandika kiambishi alichokisikia kabla ya kuandika maana yake. Na wakimjibu kwa Kigogo, basi aandike Kigogo.