Fundi Atakayekuja Baada Yako

Shamba la urithi hugawanyika. Ndugu wanne wakiachiwa migomba huko Kasulu watapima kwa kamba, watapanda mipaka, na kila mmoja atashika chake. Lori halipimwi kwa kamba. Huwezi kumpa kaka mkubwa injini na mdogo wake bodi. Ndiyo maana malori mengi ya urithi huishia nyuma ya nyumba, mchwa wakila mbao na kuku wakitagia kwenye kebini, huku kila mrithi akimsubiri mwenzake atoe hela ya kwanza.

La kwetu, lililoko Kibondo, limepata bahati ya kuangukia mikononi mwa mafundi. Nimekaa nao gereji, nikiwashikia tochi na kuwaletea chai, na ninayoyaandika hapa ni sifa zao.

Ni Bedford TJ, lile lori lenye pua ambalo Waingereza walianza kuliuza mwaka 1958. Babu alibebea maharage na mahindi ya Mabamba, akavuka Malagarasi, akapanda milima ya Kasulu na kushuka hadi Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika pale mwaka 1914. Kurudi alipakia chumvi ya Uvinza, mawese na dagaa. Njia yote ilikuwa udongo mwekundu: kiangazi vumbi, masika matope ya kulala njiani.

Ukilifungua lori la umri huo unakuta historia ya nchi imefungwa kwa bolti. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, kwa hiyo vipuri vya Nairobi vikakatika. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu. Mwenye lori aliyekatikiwa na shafti Makere hakuwa na duka la kukimbilia. Alikuwa na fundi tu. Ndipo zilipoingia pleti za springi za malori mengine, bushi zilizokerezwa upya kutoka chuma chakavu, na gasketi zilizokatwa kwa mkasi kwenye boksi la karatasi ngumu.

Fundi wetu mzee hakuanza kwa kufungua chochote. Alilala chini ya gari na tochi, akasoma. Hapa alipita mtu mwenye haraka, anasema, kachomelea. Hapa alipita fundi: kaweka bolti, kaifunga na pini.

Halafu kuna suala la spana. Bedford ni gari la inchi, na spana zinazouzwa sasa mjini Kasulu ni za milimita, za kufungulia magari ya Kijapani. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia bila shida, ila inacheza. Ukiivuta kwa nguvu inakula kona, na nati inabaki duara. Nati ya robo tatu inchi ni milimita 19.05, na hapo spana ya 19 mara nyingi inakaa vizuri. Tofauti hizo jicho halizioni. Mkono unazijua. "Mdogo wangu, usiilazimishe," mzee anamwambia kijana wake. "Ikicheza, toa." Nati iliyoshikwa na kutu inalazwa na mafuta ya taa usiku kucha, inagongwa taratibu, inapashwa moto, inajaribiwa tena kesho. Hiyo kesho ndiyo ngumu kumfundisha kijana.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kusaga valvu. Kijana anapaka pesti kidogo kwenye ukingo wa valvu, anabandika fimbo yenye kinyonyo cha mpira, kisha anaizungusha kati ya viganja, huku na huku, kama mtu anayepekecha moto. Anainua, anageuza, anashusha, anaendelea. Baadaye anafuta na kutazama. Anachotafuta ni pete ya rangi ya kijivu, isiyokatika popote, kuzunguka ukingo mzima. Kisha anarudisha valvu mahali pake, anamimina mafuta ya taa kwenye tundu lake na kungoja. Yakivuja hata tone, anaanza upya. Hakuna anayemsimamia, mafuta yenyewe ndiyo msimamizi.

Huko Uingereza wapo wanaofufua Bedford kwa ajili ya maonyesho, kila skrubu iwe kama ilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, lakini lori letu linatakiwa kubeba maharage. Dainamo yake ilikufa zamani, na mzee amekubali kuweka altaneta ya gari la Kijapani. Kijana alitaka kuichomelea kwenye kishikizo cha zamani, kazi ya nusu saa. Mzee akakataa. Akakata bamba la chuma, akalitoboa, akalifunga kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, ili siku mtu akipata dainamo airudishe bila kukata kitu. Seremala naye aliambiwa hivyohivyo: mbao za mninga za bodi zifungwe kwa bolti, zisipigiliwe misumari, ili moja ikioza itoke peke yake.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Kulifanya gari liwake, wengi wanaweza. Kulitengeneza huku ukimfikiria mtu usiyemjua, atakayelala chini yake miaka ishirini ijayo na spana zake mwenyewe, ni adabu ya wachache. Lami inasogea, mafuso yanatupita kwa kasi, na magari mapya yanadai kompyuta kabla hayajasema yanaumwa wapi. Vijana wa gereji watajifunza kompyuta, na inabidi. Lakini hakuna kompyuta itakayowafundisha kutofunga kazi kwa namna isiyofunguka.

Kwa hiyo mimi simpimi fundi siku anaponikabidhi ufunguo, injini ikinguruma na rangi iking'aa. Nitampima siku lori litakapoharibika tena, yeye hayupo, na mtu mwingine akaifungua kazi yake kwa spana ya kawaida bila kutukana.