Vina Viwili Juu ya Shaba

Sarafu ya shaba ya Kilwa ni ndogo na nyepesi, na mara nyingi kutu ya kijani imekwisha kuila kingo. Haina mwaka wala jina la mji ilikopigwa. Ina maandishi ya Kiarabu tu: upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan, upande wa pili, tamko kwamba anamtumaini Mola mwenye neema. Ukiisoma yote kwa sauti, pande mbili zinakutana kwenye kina: al-Hasan, al-minan. Pesa ya kununulia mtama na samaki ilitungwa kwa vina.

Mjuzi wa sarafu za kale huanza kazi hapo. Huipima uzito na upana, huipangusa taratibu kwa brashi laini, kisha huiinamisha kwenye mwanga wa pembeni mpaka herufi zilizofifia zitoe kivuli. Baada ya hapo huilinganisha na nyingine. Herufi iliyopinda namna ileile kwenye sarafu mbili yaweza kumwonyesha kuwa zilipigwa kwa muhuri mmoja. Ni kwa subira ya aina hiyo John Walker wa British Museum alizisoma sarafu za masultani wa Kilwa katika miaka ya 1930, na kila aliyemfuata amejenga juu ya kazi yake.

Lakini macho makali peke yake hayatoshi. Sarafu isiyo na mwaka huhitaji shahidi, na shahidi huyo ni mahali ilipookotwa pamoja na vitu vilivyolala karibu nayo.

Ushahidi mkubwa ulitoka Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vipande vidogo mno vyenye majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimi, nasaba iliyotawala Misri. Hadi wakati huo, mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alikuwa amemweka Ali karibu na mwaka 1200. Dinari zile zilikuwa za karne ya 11 au kabla yake. Kwa hiyo watafiti wengi wakamrudisha sultani huyo nyuma zaidi ya miaka mia moja, na mwanzo wa utawala wake ukaandikwa upya. Lau dinari zile zingechukuliwa na kuyeyushwa kwa sonara, kosa lile lingeendelea kufundishwa.

Sarafu nyingine zilisafiri mbali. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, ikatia nguvu habari za biashara ya dhahabu kati ya mji ule wa kale na Kilwa. Nyingine tano ziliokotwa mchangani mwaka 1944 kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mwanajeshi wa jeshi la anga la nchi hiyo. Zilikaa miaka mingi bila kutambuliwa. Zilipotambulika, swali muhimu halikuwa bei zake, bali ni wapi hasa ziliokotwa. Namna zilivyofika huko bado ni fumbo.

Hii ndiyo heshima ya ufundi huu: hukipa kipande cha shaba kilicholika nafasi ya kusahihisha vitabu. Mkusanyaji wa kweli huhifadhi habari za sarafu kwa bidii ileile anayohifadhia sarafu yenyewe. Mvua za masika bado zaweza kufukua sarafu kama hizi kwenye fukwe za Kilwa, na Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ukibahatika kuiona moja, usiisugue kwa mchanga wala ndimu, na usimuuzie mpita njia. Andika mahali ulipoiona, kisha ipeleke makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe.