Mikimbio 36 ya Gavaskar

Wapenzi wa kriketi wakimtaja Sunil Gavaskar, mpigaji wa ufunguzi wa India, huanza na hesabu: mikimbio 10,122 katika mechi 125 za siku tano, na mara 34 kufikisha mia. Hesabu hizo sina ugomvi nazo. Ninaloliona zito ni jambo la tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia, pale Lord's, London. Uingereza ilipata 334 katika ova 60. Gavaskar akasimama langoni tangu mwanzo hadi mwisho, hakutolewa, akarudi na mikimbio 36 kwa mipira 174. India ikaishia 132.

Wapo wamteteao kwamba 334 haikufikika. Yawezekana. Lakini kushindwa nako kuna adabu yake, na watazamaji walikuwa wamelipa kiingilio. Siku nne baadaye, huko Leeds, alikutana na timu yetu ya Afrika Mashariki, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Sisi tulipata 120. Yeye na Farokh Engineer wakazipita bila hata mmoja wao kutolewa, Gavaskar peke yake akiwa na 65. (Warushaji wetu hawakuwa wa Uingereza, nakubali.) Kumbe kupiga alijua, pale Lord's alikataa tu.

Hata hivyo, ukaidi huohuo ndio unaonifanya nimheshimu. Mwaka 1971, akiwa mgeni kabisa, aliwapiga West Indies mikimbio 774 katika mechi nne, kwao, bila kofia ya chuma. Na katika mechi yake ya mwisho ya siku tano, Bangalore, Machi 1987, uwanja ulikuwa umeharibika, mpira ukiruka na kupinda utakavyo. India ilihitaji 221 kuishinda Pakistan. Yeye alipata 96. Wenzake wote kwa jumla hawakufikisha pengo lililobaki, India ikatolewa kwa 204. Kwangu mimi, hiyo 96 iliyoshindwa yashinda mia zake nyingi.

Oktoba mwaka huohuo, Nagpur, dhidi ya New Zealand, alipata 103 kwa mipira 88, bila kutolewa. Ilikuwa mia yake ya pekee katika mechi za siku moja, miaka 12 baada ya Lord's. Siku tano baadaye, nyumbani kwake Bombay, Uingereza ilimtoa kwa mikimbio 4 katika nusu fainali, na hakuichezea India tena.