Namna ya kuijua skrini nzuri ya kurekebishia injini

Muuzaji wa skrini ya kurekebishia injini huanza kwa kukuonyesha rangi zake. Mwache amalize, kisha mwombe awashe gari na achomoe waya wa sensa ya joto la maji. Skrini duni itaandika -40 bila kusita. Sensa hizi huongeza ukinzani kadiri zinavyopoa, kwa hiyo waya uliokatika husomeka kama baridi kali kupita kiasi. Kompyuta ya injini isiyojua kutofautisha itamwaga mafuta kana kwamba injini ndiyo kwanza inaamka. Skrini nzuri itafuta tarakimu, iweke vistari viwili na kuwasha taa ya hitilafu. Mimi huanzia hapo, na kifaa kikishindwa mtihani huo sihitaji kuona mengine.

Kwa fundi wa Mavivi, Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, kusoma joto kwa usahihi kuna uzito wa pekee. Mavivi, penye uwanja wa ndege, iko juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Butembo imepita mita 1,700. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54 tu, lakini hewa hupungua uzito njiani. Injini ya kabureta iliyorekebishwa vizuri huku chini hufika juu ikinywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi mweusi na kujaza plagi masizi. Yenye kompyuta hujirekebisha yenyewe, mradi sensa ya mgandamizo wa hewa inasema kweli. Maji nayo: kwenye sufuria iliyo wazi, Butembo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi nzima hupandisha kiwango hicho sana, lakini ni magari mangapi ya barabara hii bado yana mfuniko wa namna hiyo, na mangapi hayajazwi maji ya mtoni? Ndiyo maana kiwango cha onyo lazima fundi aweze kukiweka mwenyewe. Skrini iliyopangwa kiwandani ilie kwenye nyuzi 115 italia maji yakiwa yamekwisha kuwa mvuke.

Usiseme kwamba mshale wa dashibodi unatosha. Kwenye magari mengi uliundwa makusudi ukae palepale katikati wakati joto linapanda kutoka kama nyuzi 80 hadi karibu 100, ili mwenye gari asisumbuke. Unapoanza kusogea, muda wa kuokoa gasketi ya silinda hedi ni mfupi mno. Liko pia jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: maji yakivuja hadi sensa ikabaki hewani, inaweza kuonyesha joto la chini huku chuma kinaungua. Napenda sana kifaa chenye nafasi ya sensa ya pili, inayofungwa kwa boliti kwenye chuma chenyewe cha silinda hedi. Sensa hiyo ni ya bei ndogo, na gari lililopoteza maji katikati ya Mbau na Eringeti, mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama, linaweza kuokolewa nayo.

Kuhusu sura ya skrini nitasema machache. Tarakimu zinazobadilika mara 20 kwa sekunde hazisomeki; mara tatu zatosha, ilimradi onyo lenyewe lisicheleweshwe. Tazama vipimo vya ndege ndogo zinazotua Mavivi: ukingo wa kijani ni kazi ya kawaida, wa njano ni tahadhari, mstari mwekundu ni mpaka. Rubani hahitaji kusoma namba, anaona tu mshale uko wapi. Ukurasa wa safari uwe na vitu vinne: joto la maji, presha ya oili, volti, na cha nne kiwe mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa injini ya esansi, au joto la ekzosi kwa ya mazutu. Mwanga ushuke usiku hadi karibu kuzima. Magari mengi ya hapa yana usukani wa kulia na tunaendesha kulia; shofa tayari anahangaika kuchungulia mbele anapotaka kulipita lori. Mwanga wa buluu usoni ni mzigo juu ya mzigo.

Moyo wa aliyekitengeneza kifaa utauona kwenye swichi zake. Mikono yenye oili haipatani na kioo cha kugusa, na shimo la barabarani hupeleka kidole pengine. Tafuta swichi ya kuzungusha yenye vituo unavyovihisi kidoleni, kama ya redio ya zamani, na kila kituo kiwe na kiasi kimoja kinachojulikana, tuseme asilimia moja ya mafuta. Uliza mpaka wake. Kwa gari la kazi, asilimia 10 juu na 10 chini zinatosha kabisa. Kifaa kinachomruhusu shofa kupunguza mafuta bila mpaka ili aokoe esansi kitamtobolea pistoni. Muda wa cheche usiwekwe kwenye swichi hiyo hata kidogo. Esansi ya makadhafi wanaoiuza kwa madumu kando ya barabara si ile ile kila siku, na injini iliyosogezwa cheche mbele kwa esansi nzuri itagonga ikipewa mbaya. Marekebisho hayo ni ya fundi, kwenye ukurasa wenye namba ya siri.

Halafu kuna kurudi nyuma, jambo ambalo naliweka juu kuliko uzuri wote. MegaSquirt, kompyuta ya injini ya kujiundia iliyoanzishwa na Bruce Bowling na Al Grippo, na Speeduino iliyokuja baadaye juu ya ubao wa Arduino Mega, zina tabia moja: badiliko hufanya kazi papo hapo, lakini hupotea gari likizimwa, mpaka utoe amri lihifadhiwe. Ukikosea, unazima, unawasha, na injini inarudi ilivyokuwa. Skrini inayofungwa juu ya kompyuta kama hizi lazima ionyeshe wazi kama unachokiona ni jaribio au kimeshahifadhiwa. Nyingi haziionyeshi tofauti hiyo, na fundi humkabidhi mteja gari ambalo kesho yake asubuhi ni gari jingine.

Pesa zibanwe kwenye kioo, zisibanwe kwenye sensa wala waya. Kioo cha mistari miwili ya herufi 16 ni cha zamani na bado kinasomeka juani. Simu iliyo mfukoni mwa shofa ni skrini bora kuliko nyingi zinazouzwa dukani. Ila kagua kiunganishi chake na gari: ELM327 ilikuwa chipu ya Elm Electronics ya Kanada, iliyofungwa mwaka 2022, na soko limejaa nakala. Toleo la 1.5 kampuni hiyo haikulitoa kamwe. Ukiliona limeandikwa, umeshika nakala. Itakusomea joto na mizunguko, lakini usiitegemee kwa zaidi ya hapo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hata kiunganishi hicho hazikihitaji. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, washa ufunguo, na taa ya injini itapepesa: mara mbili, pumziko, mara mbili tena, ni sensa ya joto la maji. Kwa unafuu wake, sijui kifaa kinachoishinda taa hiyo.

Kabla ya kulipa, piga starta ukitazama skrini. Betri iliyochoka huanguka chini ya volti 9, na kifaa kibaya huzima, kikaanza upya na kuonyesha nembo ya kampuni katika sekunde zile zile unazohitaji kuona presha ya oili. Kwa lori la volti 24 muulize muuzaji: «Papa, kinavumilia volti ngapi?» Jibu lisiloandikwa kwenye karatasi usilikubali. Waya wa ardhi wa kila sensa urudi kwenye kifaa chenyewe, usifungwe kwenye bodi ya gari. Kwa joto la ekzosi, sensa ni ya aina ya K, na waya wake maalumu uende mzima hadi kwenye kifaa. Ukiungwa na shaba ya kawaida karibu na injini, namba zitapotoka na hutajua kwa kiasi gani. Vuta kila kiungo kwa vidole. Kikitoka kimoja, mrudishie kifaa chake.