Mlango Usiofunguliwa: Juu ya "Danse Macabre" ya Stephen King

Yako maandishi ya uhakiki ambayo msomaji huyaingia kama aingiavyo barazani jioni: hakuna asimamaye mbele ya darasa, bali mtu mmoja azungumza na wenziwe wamsikiliza. Danse Macabre ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1981, ni ya namna hiyo. Mbegu yake ni masomo aliyoyafundisha katika Chuo Kikuu cha Maine, na shabaha yake ni hadithi, michezo ya redio na sinema za kutisha za tangu 1950 mpaka 1980; lakini mwendo wake ni wa porojo, na porojo hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo nguvu yake.

Tazama aanzavyo. Ni Oktoba 1957, naye ni mtoto wa miaka kumi, ameketi katika nyumba ya sinema mjini Stratford, Connecticut. Picha yakatizwa, na meneja awaarifu watoto kwamba Warusi wamerusha Sputnik. Profesa angalihitaji sura nzima kuonyesha kwamba maadui watokao angani katika picha zile walikuwa kivuli cha hofu ya taifa. King amalizana na jambo hilo kwa kisa kimoja.

Taabu iko penginepo. King azipanga hofu daraja tatu: ya juu ni ya kisichoonekana, ya kati ni ya kionekanacho, ya chini ni karaha tupu, ambayo akiri kuitumia zikimshinda mbili za kwanza. (Hofu, kitisho, kinyaa: Kiswahili hakina haja ya kukopa hapa.) Lakini afikapo kwenye The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson (1959), na filamu yake ya 1963, ambamo mlango ugongwao usiku haufunguliwi, asema yeye heri aufungue. Basi daraja ya juu aisifu, lakini hakai huko. Sura ile nimeirudia, na kila mara nimetoka upande wa Jackson.

Na marafiki? Ghost Story ya Peter Straub (1979) yapewa heshima kubwa, na mwaka 1984 wawili hao wakatoa The Talisman kwa pamoja. Mhakiki mkali atazikataa sifa za rafiki. Mimi sizikatai, kwani urafiki ndio uliomletea King barua ambazo waandishi waeleza humo kazi zao wenyewe, nazo ni hazina. Nilichokikosa ni ubishi: mara nyingi mno mwenye barua aachwa aseme mpaka achoke.